Msiba wa Vyumba Saba

“Vuta upande wako! Hilo shuka, si kamba ya mbuzi.”

“Usinihamishe kwenye maneno, Mama Foronya. Nimekuuliza swali moja tu. Jana, dirishani pa jikoni, nani aliyemwitikia yule mzee?”

“Labda redio.”

“Redio ndiyo ikamwambia, ‘Nakuja, ngoja kwanza niwapakulie watu’?”

“Redio za siku hizi zina mambo, mwanangu. We acha tu.”

Walikuwa uani, asubuhi, jua limeshapanda juu ya ukuta. Shuka jeupe la kitanda kikubwa lilikuwa limetanda hewani katikati yao, kila mmoja kashika pembe zake mbili. Shuka la namna ile halikunjwi na mtu mmoja. Wanalivuta likanyooka, wanasogeleana pembe zikakutana, wanaachana, wanasogeleana tena. Kwa hiyo hata ugomvi wao ulikwenda kwa mwendo wa shuka: wakiwa mbali wanafokeana, wakikutana pua kwa pua wananong’onezana, maana juu yao kulikuwa na madirisha ya wageni waliolala.

“Nilikuwa nyuma ya mlango,” Madam Rangi alinong’ona walipokutana. “Nilikuona kwa macho yangu. Umeshika mwiko, umefumba macho, unaitika kwa sauti ya marehemu.”

Mama Foronya akachukua pembe zake akarudi nyuma hatua nne.

Madam Rangi ndiye aliyekuwa mwenye hoteli. Jina hilo alilipata alipoinunua ile nyumba na kukipaka kila chumba rangi yake, ndani na nje, mpaka paka wa jirani aliyekuwa akilala kwenye baraza ile tangu azaliwe akasimama getini siku tatu akiitafuta nyumba. Ilikuwa hoteli ya vyumba saba tu, ndani ya mtaa wa watu wanaoishi, mtaa wa nyua za michongoma na mageti ya chuma, ambako mtu akipiga chafya, nyumba ya tatu wanamwombea afya. Haikuwa na bango kubwa. Wageni walikuja kwa kuambiana, wakaipenda kwa sababu, walisema, ilikuwa kama nyumbani kwa mtu.

Na kweli ilikuwa nyumbani kwa mtu. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mama Foronya alikuwa mtandika vitanda na mfuaji wa hoteli hiyo. Mfupi, mnene wa mikono, mdomo haujui likizo. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakunja mashuka mengi kiasi kwamba ungeyaunga moja kwa moja ungeifunika barabara ya mtaa mpaka sokoni, ukarudi nayo, na la kujifunika mwenyewe likabaki. Alikuwa akilipapasa shuka lililolaliwa anakuambia aliyelilalia ni mkweli au mwongo, maana mwongo, alidai, hugeuka sana upande wa kushoto. Mume alikuwa naye zamani. Akatoka jioni moja kwenda kununua kiberiti, na mpaka leo jiko halijawashwa. Watoto hawakujaliwa.

Aliyekuwa naye duniani alikuwa dada yake mmoja tu, aliyemtangulia kuzaliwa kwa mwaka na miezi. Walifanana nyuso kidogo, miili hapana, lakini sauti ilikuwa moja, kana kwamba mama yao alinunua koo moja akawakatia vipande viwili. Mama huyo huyo, akiwaita gizani alfajiri ya kwenda shule, mmoja akaitika, alikuwa akimchapa mwingine. Dada akaolewa na fundi saa, akajengewa nyumba ile kwa matofali yaliyopatikana saa moja moja iliyotengenezwa, akazaa mtoto mmoja wa kiume. Alipoanza kuugua, Mama Foronya alihamia kwake na begi moja. Akamtandikia kitanda kila siku kama alivyofundishwa hospitali, pembe zimekunjwa kama bahasha, mpaka asubuhi aliyotandika kitanda kisicho na mtu.

Chumba hicho sasa ni namba tatu. Wageni wanakisifia kwa mwanga. Yeye hukitandika cha mwisho.

Mtoto wa marehemu alikuwa mwalimu katika mji mwingine, safari ya basi ya nusu siku. Hakuweza kumwacha baba yake peke yake, kwani Fundi Saa alikuwa ameshaanza kusahau: leo kasahau miwani, kesho kasahau njia ya dukani, keshokutwa kasahau kwamba kasahau. Nyumba ikauzwa, baba akachukuliwa kwenda kuishi ghorofa ya nne kwa mwanawe. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Foronya. Alitafuta wa kumlaumu usiku na mchana akakosa. Madam Rangi alipohamia alimkuta ndani pamoja na tangi la maji na mlango wa nyuma unaokwama, akaviacha vyote vitatu mahali pake.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja, wiki tano kabla ya ugomvi huu wa shuka, Fundi Saa akaingia getini kwa miguu yake, kofia kichwani, kandambili mguuni, kimfuko cha bisibisi zake mkononi. Alifikaje, hakuna ajuaye. Yeye alisema alitembea. Mwalimu kwenye simu akasema haiwezekani, labda alipanda basi. Lakini kandambili zile zilikuwa zimelika zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ukizinyanyua unaona jua upande wa pili.

Hakupiga hodi. Nani anapiga hodi kwake? Akapita moja kwa moja mpaka sebuleni, ambako sasa ni mapokezi, akasimama. Akaona masanduku na mabegi yamepangwa ukutani. Akaona watu asiowajua wamekaa kwenye viti wakizungumza kwa sauti ya chini. Akaona chupa za chai tatu mezani, vikombe vimepinduliwa kwenye sinia, mwanamke anapita na taulo, mwingine na mkate. Akavua kofia taratibu.

“Nani kafa?” akauliza.

Na ukitazama bila hila, alikosea nini? Nyumba ya mtu hujaa wageni wenye mabegi kwa sababu gani nyingine? Watu wanalala karibu kila chumba, wanakula kwa zamu, hawajuani, kila mmoja anasema asante kwa upole, na mwenye nyumba hana pa kukaa. Kama si msiba, ni nini?

Mama Foronya alikuwa mlangoni na foronya zake kifuani. Aliyaona macho ya shemeji yake yakizunguka kwa wale watu, uso kwa uso, yakitafuta. Alijua yanamtafuta nani. Mdomo wake, ule usiojua likizo, ukamtangulia.

“Shangazi wa mbali, shemeji. Wala hukumjua.”

“Aaa. Maskini.” Mzee akavuta pumzi. “Na Bibie yuko wapi?”

Bibie ndivyo alivyomwita mkewe miaka yote.

“Yuko jikoni.”

“Ndiyo maana simwoni,” akasema, na uso ukamfunguka kama dirisha. “Kwenye misiba humpati yule mpaka mtu wa mwisho ashibe.”

Akakaa, akatulia. Mwalimu alikuja kumchukua, mzee akashikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama kupe. Madam Rangi, ambaye mdomo wake mkali lakini moyo wake chapati ya jana ukiipasha moto, akasema basi akae kidogo, chumba namba saba ni kidogo mno kwa wageni. Zamani kilikuwa ndicho chumba cha mzee cha kutengenezea saa. Usiku ule alilala kama mtoto, na asubuhi akala mikate minne.

Tatizo, Madam Rangi hapendi uongo. Siku ya tatu alimketisha mzee kwenye meza ya chai, akamshika mkono, akamweleza vizuri, kwa adabu, jina na tarehe. Mzee akalia. Alilia upya, kama mtu aliyepigiwa simu dakika ile, akalia siku tatu hata chai ikawa haipiti. Siku ya nne akaamka mweupe, amenawa, akatoka mpaka mapokezi, akaona mabegi, akavua kofia. “Nani kafa?”

Mama Foronya akaapa pale pale kwamba habari ile haitasemwa tena ndani ya nyumba ile, na atakayeisema atamtandikia kitanda kwa upupu.

Tangu hapo mzee akawa mpokea rambirambi na mtoa rambirambi. Asubuhi anazunguka meza za wageni, mkono kifuani: poleni, poleni sana. Wengine walicheka, wengine walidhani ndiyo salamu ya mtaa. Muuza miwani mmoja aliambiwa “Pole, baba, najua mlipendana,” akaanza kumlilia baba yake aliyekufa miaka kumi na tisa nyuma, akalia chupa mbili za chai, akaongeza siku mbili za kukaa akisema hajawahi kupumzika namna ile. Kisha wakaja maharusi. Mzee akavuta kiti.

“Poleni, wanangu. Mmelipokeaje?”

“Vizuri tu, mzee,” bibi harusi akasema, anatabasamu.

“Msijikaze. Lieni.”

“Sisi tumefunga ndoa juzi, mzee,” bwana harusi akaeleza.

“Mmefanya vyema. Hata marehemu angependa.”

Hao waliondoka siku hiyo hiyo. Lakini lililojaza kibaba lilikuwa la jana. Mama mmoja alikuwa anatoka na sanduku lake, gari linamngoja nje, mzee akamzuia getini. “Hajazikwa unaondoka? Haya mambo umejifunza wapi?” Akaling’ang’ania sanduku. Huyu anavuta, yule anavuta, gari likachoka kungoja likaondoka. Madam Rangi akakimbilia jikoni kumtafuta Mama Foronya aje amtulize shemeji yake, na hapo ndipo alipomkuta na mwiko wake, macho kafumba, akimwitikia dirishani mzee aliyekuwa akiita “Bibie!” kutoka getini.

“Nimempigia Mwalimu,” Madam Rangi alisema sasa, shuka limebaki robo. “Yuko njiani. Saa nne atakuwa hapa.”

“Saa nne ya leo?”

“Ya leo.”

Shuka likamtoka Mama Foronya mkononi likaanguka mchangani. Miaka thelathini na mmoja ya hospitali, na miwili ya hoteli, shuka lililofuliwa halijawahi kugusa chini mikononi mwake. Wote wawili wakalitazama.

“Sikufukuzii shemeji yako,” Madam Rangi akasema, na safari hii hakufoka wala hakunong’ona. “Naogopa kitu kingine. Akiondoka hapa akijua mkewe kabaki jikoni, atafanya nini?”

Mama Foronya alijua. Atatembea. Atashuka ghorofa zote nne na kandambili mpya, atashika barabara ya magari makubwa, kumrudia mke aliyemwacha na wageni. Safari ya kwanza alifika. Ya pili nani anaijua?

“Mwambie wewe,” Madam Rangi akasema. “Kabla mwanawe hajaingia. Mimi nilimwambia kama mgeni. Wewe ni mtu wake.”

“Na nikimwambia akasahau tena?”

“Basi Mwalimu atamwambia tena. Lakini asiondoke na ule uongo, mama. Ule wa jikoni. Ule una miguu.”

Mama Foronya akaliokota shuka, akalikung’uta, akalitupia kwenye beseni. Akataka kusema neno la kuchekesha, likagoma. Kulikuwa na jambo ambalo Madam Rangi hakuliona pale nyuma ya mlango, na asingeweza kuliona. Mzee anapoita “Bibie!” kutoka mapokezi, na yeye jikoni akaitika, sauti ile ikitoka huenda ikagonga ukuta wa vigae ikamrudia masikioni. Nayo si sauti yake. Ni ya dada. Dada yuko pale nyuma yake, anakoroga sufuria, anasema ngoja niwapakulie watu. Kwa kitambo kama cha kumeza mate, wako wawili. Ndiyo maana anafumba macho. Mzee amedanganywa wiki tano, lakini mwenye kushiba huo uongo hakuwa mzee peke yake.

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani.

Mapokezi palikuwa kimya. Wageni wa asubuhi walikuwa wameshatoka kwenda mjini, wengine hawajaamka. Mabegi mawili yalisimama ukutani. Fundi Saa alikuwa amekaa chini ya saa ya ukutani, ile ya mbao, kubwa, ambayo ilibaki na nyumba kwa sababu hakuwahi kuimaliza. Madam Rangi aliiacha iwe pambo. Ilikuwa na kioja: mishale yake ilisimama saa mbili na dakika ishirini, haiendi mbele wala nyuma, lakini kengele ililia kila saa bila kukosa. Wageni waliipiga picha.

“Kaa, shemeji,” mzee akamwambia. “Umesimama tangu juzi. Misiba mikubwa mnajiua nyie wanawake.”

Akakaa. Akachukua foronya moja kwenye kapu akaanza kuikunja, mikono ipate la kufanya.

“Shemeji, leo anakuja Mwalimu kukuchukua.”

“Mwalimu gani?”

“Mwanao.”

“Huyo anasoma darasa la tano, atanichukulia wapi?” Akacheka, meno matatu. Kisha akaacha kucheka, akamtazama. “Amekua?”

“Amekua, shemeji. Ana mvi.”

“Hebu tazama.” Mzee akazifikiria hizo mvi. “Basi nimekaa msibani siku nyingi.”

“Nyingi.”

“Na huyo marehemu hazikwi tu. Sijapata kuona. Watu wanakuja na mabegi, wanaondoka na mabegi, wanakuja wengine. Hakuna anayelia. Kuna mmoja jana alikuwa anatoroka mchana kweupe.” Akainama karibu, sauti ikashuka. “Shemeji, nikuulize kitu. Usiniambie ya kunifurahisha, maana wewe nakujua. Uliwahi kuniambia mlikuwa na kuku mwenye kutaga mara tatu kwa siku.”

“Kuku yule alikuwepo!”

“Alikuwepo, haya. Bibie namwita kila siku. Asubuhi namwita, jioni namwita. Ananiitikia. Anasema nakuja.” Akautazama mlango wa jikoni. “Lakini haji.”

Foronya ikasimama mikononi mwa Mama Foronya.

“Hata tukiwa msibani kwa watu, shemeji, Bibie alikuwa anatoka jikoni kidogo. Anakuja kunishika bega, hivi, mkono una unga, ananichafua shati makusudi, anarudi. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Shati langu safi.” Akajitazama bega la kulia, akalipapasa. “Wiki nzima safi.”

Juu yao saa ikaguruma tumboni kama mtu anayetaka kukohoa, kisha kengele ikaanza kulia. Ililia mara nne, maana mzee aliipanga zamani ihesabu saa za Kiswahili. Mzee akahesabu kwa kidole, akainyanyulia kidevu.

“Unaiona hiyo? Watu wanadhani imekufa. Haijafa. Ndani inazunguka, kengele inalia kwa wakati wake. Ila mishale imeachia. Kile kinachoishika kimelegea, basi inaita tu, inaita, na ukiitazama iko pale pale.” Akaigeuza bisibisi kiganjani. “Fundi mjinga atakuambia itatembea kesho. Mimi nimetengeneza saa maisha yangu yote. Nikisikia inalia na mishale haiji, najua kilichoko ndani.”

Akamgeukia. Macho yalikuwa makavu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie getini yalikuwa macho ya mwenye nyumba.

“Basi niambie mimi, mtu mzima na mvi zangu. Nani kafa?”

Nje, geti likalia kwenye bawaba zake. Mama Foronya alilisikia. Alizisikia na hatua kwenye kokoto, za mtu mwenye viatu vya kazini, na Madam Rangi akisema huko nje taratibu, pitia ndani, wapo sebuleni. Alitamani hatua zile ziwe mia. Alitamani nyumba iwe na vyumba sabini na mgeni apotee katikati. Aliiweka foronya kapuni, akaushika mkono wa shemeji yake, ule wenye makovu madogo ya bisibisi, na sauti alipoifungua haikuwa ya mzaha na haikuwa ya kukopa.

“Shemeji,” akasema, “aliyekufa ni…”

Kivuli kikajaa mlangoni. Mwalimu alisimama pale, funguo za gari mkononi, mvi zake kichwani, na vumbi la safari kwenye suruali. “Shikamoo, mama mdogo,” akasema, kisha akawaona walivyoshikana mikono.

Mzee akasimama kwa shida. Akavua kofia, akamwendea mwanawe, akampa mikono yote miwili.

“Karibu, baba. Pole na safari, na pole na msiba. Njoo ukae hapa karibu yetu. Ndiyo kwanza anataka kuniambia ni nani.”